Ncha ya mzizi wa msprusi: kuchimba, kusafisha, kukata na kutambua mikoriza yake

Fukua kwa vidole tandiko la majani-sindano yanayooza chini ya msprusi (Picea abies), iwe Bavaria au kusini mwa Uswidi. Sentimita chache tu chini utakuta vijizizi vifupi vilivyonona, vingine vya rangi ya chungwa, vingine vya manjano, vingine vyeusi tititi. Rangi hizo si za mti. Ni za kuvu iliyouvika mzizi. Msprusi wa msituni karibu hauna ncha changa ya mzizi iliyo tupu, na vile vinyweleo vya mzizi tulivyofundishwa shuleni kuwa ndivyo vinyonyavyo maji, hapa huvioni. Kazi yake imechukuliwa na nyuzi za kuvu.

Mwongozo huu unamfaa mwenye hadubini mbili, wembe na subira. Mpangilio wa kazi ndio wenye uzito kuliko vifaa: kwanza soma umbo la nje mzizi ukiwa bado hai, kisha chuna ala (vazi la kuvu linaloifunika ncha) na kuitazama kwa juu, mwisho kata. Anayekimbilia wembe hupoteza rangi na nyuzi za nje, na vitu hivyo havirudi tena.

Unachokwenda kukitafuta

Ushirika huu huitwa ektomikoriza, kwa kuwa kuvu hukaa nje ya seli za mzizi. Una sehemu tatu. Ya kwanza ni ala, tabaka la nyuzi zilizosokotana na kuifunika ncha yote kama ala inavyofunika kisu. Ya pili ni wavu wa Hartig, yaani nyuzi zinazopenya kati ya seli na seli za korteksi (nyama ya mzizi kati ya ngozi na kiini) bila kutoboa kuta zake. Ya tatu ni nyuzi zinazotoka kwenye ala kwenda udongoni, ama moja moja, ama zikiwa zimefungana kuwa kamba.

Wavu una jina la Theodor Hartig, mtaalamu wa misitu wa Ujerumani aliyeuchora mwaka 1840 bila kutambua kuwa anachora kuvu. Neno mikoriza, yaani ushirika wa kuvu na mzizi, lilikuja mwaka 1885, kwa mtaalamu wa mimea A. B. Frank wa Berlin. Katika wavu ndimo biashara yote inamofanyika: mti unatoa sukari, kuvu inatoa fosforasi, naitrojeni na maji. Kwa hiyo ala peke yake haithibitishi chochote. Kuvu yoyote inaweza kuutambaa mzizi na kuufunika. Usipouona wavu, hujaona ektomikoriza.

Jambo jingine la kuweka akilini kabla ya kuchimba: msprusi si msonobari. Ncha za msonobari hugawanyika panda, mbili mbili, mpaka zikafanana na matumbawe. Za msprusi hukaa kando ya mzizi mama mmoja ulionyooka, kushoto na kulia, kama vijani vya unyoya. Picha nyingi zinazosambaa ni za msonobari, na wanaoanza huzitupa ncha safi kabisa za msprusi kwa sababu hawakuiona panda.

Kuchimba

Wakati mzuri katika nchi hizo ni Agosti hadi Oktoba, udongo ukiwa na unyevu. Baada ya ukame mrefu ncha nyingi husinyaa na kukupa picha ya uongo.

Simama mita 1 hadi 2 kutoka kwenye shina. Ondoa majani makavu ya juu, kisha tafuta mzizi wa unene wa penseli na uufuate kutoka shinani kwenda nje hadi utakapogawanyika kuwa vijizizi. Usiruke hatua hii kama msitu umechanganyika. Mizizi ya msonobari, mbetula na vichaka vya beri vya porini huishi humo humo kwenye mboji, na bonge ulilochimba bila kufuata mzizi halina mwenyewe anayejulikana. Mzizi wa msprusi una gamba la kahawia linalobanduka, na ukiuvunja hunuka utomvu.

Kata bonge la sentimita 10 kwa 10, kina cha sentimita 10 hadi 15. Ukitumia bomba la kuchukulia sampuli, kipenyo cha sentimita 5 kinatosha. Ncha nyingi zimo kwenye mboji ya juu, kwa hiyo kuchimba zaidi ni kubeba udongo tu. Chukua mabonge matatu au manne kutoka pande tofauti za mti, kwani kuvu hukaa kwa mafungu: upande mmoja unaweza kuwa wa njano mtupu, na upande wa pili usione hata ncha moja ya njano.

Usikung'ute udongo. Ndio unaotunza unyevu na kuzilinda nyuzi. Funga bonge kwenye mfuko wa plastiki na utie lebo iliyoandikwa kwa penseli (wino huyeyuka kwenye alkoholi). Liweke kwenye friji, nyuzi joto 4, na ulifanyie kazi ndani ya wiki moja au mbili. Ukichelewa, kuvu za kuozesha zitaota ndani ya mfuko na kutambaa juu ya ncha, nawe utazichora ukidhani ni za mti. Usigandishe. Barafu hupasua seli, na ala hujitenga na korteksi. Ncha za kugandisha ni zile tu za kupima vinasaba.

Kusafisha

Hapa ndipo sampuli nyingi huharibika. Loweka bonge zima kwenye maji baridi ya bomba kwa saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi unahitaji usiku kucha, ndani ya friji. Zaidi ya hapo bakteria huanza kula, na ala huteleza ikiguswa. Kisha mimina polepole juu ya chekeche mbili zilizopandana, ya juu yenye matundu ya milimita 1 na ya chini ya nusu milimita, ili ncha zilizokatika zinaswe chini. Maji yatiririke kwa upole. Mzizi usivutwe kutoka kwenye bonge hata siku moja: utatoka mzizi, na nyuzi zitabaki udongoni.

Hamishia vijizizi kwenye sahani ya petri iliyojaa maji, na chini yake weka karatasi nyeusi. Ukitumia hadubini ya kupasulia, kwa ukuzaji wa mara 10 hadi 40, ondoa chembe za udongo kwa brashi laini ya kuchorea na kibano chenye ncha kali. Kipande cha mboji kilichoshikwa na kamba za kuvu kikatwe pembeni kwa mkasi mdogo kikabaki hapo hapo. Kukivuta ni kuing'oa kamba pamoja na sehemu ya ala.

Sasa tenganisha walio hai na wafu. Ncha hai imejaa, inang'aa kidogo, na ukiikata kiini chake ni cheupe. Iliyokufa imenywea, kiini ni cha kahawia, na ukiivuta kwa kibano kiini huchomoka na ngozi kubaki tupu kama mkono wa shati. Mfu anaweza kuwa na ala iliyo kamili kwa macho, kwa hiyo usiamini sura. Jaribu kwa kukata ncha mbili tatu katika kila kundi la ncha zinazofanana.

Kusoma umbo la nje

Fanya kazi hii siku hiyo hiyo ya kuosha. Rangi za kuvu hupotea ndani ya alkoholi, na zipo zinazobadilika zikikaa majini saa chache tu.

Andika urefu wa ncha na kipenyo chake. Kwa msprusi ncha nyingi zina urefu wa milimita chache na unene wa sehemu ya milimita. Andika namna matawi yalivyokaa, na rangi ya nchani, katikati na kitakoni kila moja peke yake, maana ncha inayokua karibu daima ni nyeupe kuliko sehemu iliyokomaa. Tazama uso wa ala: ni laini, una chembechembe, una pamba, una miiba? Unang'aa kwa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi? Kisha tazama nyuzi za nje: hakuna, chache, au zimejaa kama manyoya, na kamba kama zipo, unene wake na mahali zinapoungana na ala.

Reinhard Agerer wa Munich, aliyeujenga mfumo wa kueleza mikoriza unaofuatwa hadi leo, aligawa kuvu hizi mwaka 2001 kwa umbali ambao nyuzi zake huenda kutafuta chakula: za mgusano tu, za masafa mafupi, ya kati na marefu. Mgawanyo huo unastahili kuandikwa kwenye daftari, kwa sababu unakuambia kuvu inaishije, hata kabla hujajua jina lake.

Piga picha ncha ikiwa ndani ya maji, na rula ndogo kando yake, kwa mwanga mweupe ule ule kila mara.

Kuchuna ala

Weka ncha moja ndani ya tone la maji juu ya slaidi. Ishike kitakoni kwa kibano, na kwa sindano iliyonolewa uipasue kwa urefu kwa juu juu tu, kama unavyochana ganda la chungwa. Chuna vipande vidogo vya ala. Baadhi vilaze uso wa nje ukiwa juu, vingine vigeuze. Ondoa seli za mzizi zilizoshikamana navyo, ongeza tone la asidi ya laktiki, kisha funika kwa kioo chembamba.

Anza kwa ukuzaji wa mara 400, halafu mara 1000 kwa mafuta. Zungusha kirekebishi kidogo polepole ukishuka kutoka uso wa nje hadi wa ndani, na uchore kila tabaka peke yake, kwa sababu tabaka la nje na la ndani la ala moja mara nyingi hayafanani. Ukiona nyuzi bado zinatambulika kuwa nyuzi, zimesokotwa ama zimejipanga kama nyota, hiyo ni plektenkima. Ukiona zimevimba na kubanana mpaka zinafanana na seli za jani, za pembe pembe au za kuchomekana kama vipande vya fumbo la picha, hiyo ni pseudoparenkima. Agerer alizipa ala za kundi la kwanza herufi A hadi I, na za pili K hadi Q.

Tafuta vifundo pia. Kifundo ni kivimbe kidogo kama mpini wa kikombe, kinachoruka ukuta unaokatiza uzi. Ukikiona, kuvu hiyo ni ya basidiomaiseti, kundi lenye uyoga mwingi tuujuao. Usipokiona, usihitimishe kinyume chake: jenasi za uyoga Russula na Lactarius ni za kundi hilo hilo na mikoriza zake hazina vifundo.

Vipimo vyote hapa ni vya mikroni, kwa hiyo sawazisha kwanza rula ya lenzi ya jicho kwa slaidi ya kupimia yenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila mgawanyo mikroni 10. Rudia kwa kila lenzi. Kipimo kilichosawazishwa kwa lenzi moja hakifai kwa nyingine.

Kukata

Kwa mkono inawezekana, na kwa kazi nyingi inatosha. Chonga kipande cha karoti chenye urefu wa sentimita 3 na unene wa sentimita 1, ukipasue nusu, na uilaze ncha yenye unyevu kati ya nusu hizo mbili. Tumia wembe mpya na uulowanishe. Kata kwa mvuto mmoja kuelekea kwako, bila kusukuma kwenda mbele na nyuma. Unalenga unene wa mikroni 20 hadi 30. Kata vipande 30 au 40 bila kuvichagua, vielee kwenye maji, ndipo utoe kwa brashi vitano vilivyo vyembamba kabisa, vinavyokaribia kutoonekana.

Kata theluthi ya katikati ya ncha. Karibu na kilele ni seli zinazogawanyika na kofia ya mzizi, na wavu bado haujaingia. Karibu na kitako korteksi imezeeka na wavu umeanza kufa. Wengi wanaoandika kwamba wavu haupo walikata mahali pasipo pake.

Kwa rangi, bluu ya pamba ya asilimia 0.1 ndani ya asidi ya laktiki huzitia nyuzi za kuvu samawati kwa dakika 5 hadi 10. Ipashe moto kidogo bila kuchemsha, kisha suuza kwa asidi tupu. Bluu ya toluidini ya asilimia 0.05, kwa nusu dakika hadi dakika moja, hutenganisha vizuri zaidi kuta za mzizi: zenye lignini huwa za samawati-kijani, nyingine zambarau.

Ukitaka vipande vyembamba zaidi vya mashine, hifadhi kwanza ncha kwa saa 24 katika mchanganyiko wa mililita 90 za alkoholi ya asilimia 70, mililita 5 za formalini na mililita 5 za asidi ya asetiki. Vaa glavu na ufanyie mahali penye hewa, formalini si kitu cha kuvuta. Baada ya hapo ziweke kwenye alkoholi ya asilimia 70, na zipande ngazi za alkoholi polepole, 70, 85, 95, hadi 100. Ukiruka ngazi maji hutoka kwa ghafla, korteksi hunywea, na ala hubaki ikielea mbali na mzizi. Nafasi hiyo tupu imeshachorwa mara nyingi kana kwamba ni sehemu ya maumbile.

Unachokiona kwenye kipande

Toka nje uingie ndani. Ala huja kwanza, mara nyingi mikroni 20 hadi 40, lakini ipo nyembamba kuliko hapo. Chini yake kuna safu ya seli za kahawia zilizobanwa na kujaa tanini. Hizi ni za mti, na mara nyingi nyuzi za kuvu zimezizunguka hadi zinaonekana kuelea ndani ya ala. Kisha korteksi, na humo wavu: katika mkato wa kukatiza unaonekana kama shanga zilizotungwa kati ya seli na seli. Katika mkato wa urefu unaopita ubavuni mwa seli, wavu ule ule hutanda kama kiganja chenye vidole vingi vifupi vilivyobanana. Ni kitu kimoja kilichotazamwa pande mbili, na inafaa uione mikato yote miwili kabla ya kuandika.

Kwa msprusi, kama kwa jamaa zake wa kundi la misonobari, wavu hupita safu kadhaa za korteksi hadi mpakani mwa endodermi (safu ya seli inayozunguka kiini) na kusimama hapo. Ukiona nyuzi ndani ya kiini, mzizi unaumwa au umekufa.

Na ukiona nyuzi ndani ya seli za korteksi? Kuna mambo mawili. Katika miche ya kitaluni, ala nyembamba yenye wavu mzuri pamoja na nyuzi zilizoingia seli kwa kawaida ni ya kuvu ya Wilcoxina, na huo ni ushirika halali wa aina ya kati. Lakini nyuzi nyeusi zilizojikusanya mabonge mabonge ndani ya seli, bila ala wala wavu, ni za kuvu kama Phialocephala fortinii, mkazi wa kawaida wa mizizi ya msprusi. Huyu huchanganywa sana na Cenococcum, kuvu nyeusi iliyoelezwa chini, kwa sababu ya weusi wake.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kukata kwa mshazari. Kipande kilichokatwa hivyo huzifanya seli zionekane ndefu upande mmoja, na ala yake hutokea nene mara mbili ya ukweli. Pima ala pale tu ambapo kiini ni duara.

Baadhi ya utakaokutana nao

Cenococcum geophilum ni rahisi kuliko wote: ncha nyeusi kama makaa, nyuzi nyeusi ngumu zimetoka kama miiba, na ala yake ikitazamwa kwa juu ina mpangilio wa nyota. Ncha ya manjano angavu yenye pamba, nyuzi zake hazina vifundo na zimejaa fuwele za kalsiamu oksaleti, ni Piloderma. Ya manjano iliyopauka lakini yenye vifundo, elekea Amphinema byssoides. Lactarius deterrimus ina ala laini ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikizeeka au ikijeruhiwa, na ndani ya ala kuna mirija iliyojaa utomvu wa rangi hiyo hiyo. Ukiipata mirija, jina la jenasi umelipata. Kwenye vitalu, ncha za kahawia zenye vifundo mara nyingi ni Thelephora terrestris.

Ncha nyeupe ndizo zinazochosha. Kuvu nyingi zisizohusiana huzaa ncha nyeupe, na kwa hizo maumbile yanaishia kwenye jenasi, au hata kabla yake. Okoa ncha moja nzima kutoka katika kila kundi, igandishe, na ipimwe eneo la ITS, kipande cha vinasaba kinachotumika kuzitambua kuvu. Ichukue katika fungu lile lile ulilopiga picha na kulikata, la sivyo jina litakalorudi halitakuwa la mchoro wako.

Ukitumia njia hii Afrika Mashariki

Msprusi si mti wa huku, lakini kazi hii inahamishika. Kwenye mashamba ya misonobari kama Sao Hill, Iringa, tarajia panda badala ya unyoya. Wavu unapita safu kadhaa vilevile. Vitalu vya misonobari huchanganya udongo uliotoka chini ya misonobari iliyokomaa kwa sababu hii hii, na miche ya njano iliyodumaa ikaguliwe ncha zake kabla ya kununuliwa mbolea: pengine haina ala hata moja.

Kwenye miombo, mizizi ya Brachystegia na Julbernardia nayo ina ala, na uyoga mwingi unaoliwa wakati wa mvua huota kutokana nayo. Hapo badilisha mambo mawili. Chimba mvua zikiwa zimekolea, si kiangazi, na unapokata usitafute wavu ndani ya korteksi: kwa miti ya maua kwa kawaida hukaa kwenye safu ya nje kabisa ya seli, ambazo nyingi zimerefuka kuelekea nje kama vidole, hivyo kipande kikiwa kinene hata kidogo huutambui.